Amplifaya ya Gitaa ya Kujitengenezea: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji wa Masasi na Newala

Msimu wa korosho unapofunguliwa na malipo ya minada yanapoanza kuwafikia wakulima, maduka ya Masasi na Newala hupata wateja wa kila namna. Wapo wanaonunua mabati, wapo wanaonunua pikipiki, na wapo vijana wa bendi na viongozi wa kwaya wanaotafuta vyombo vya muziki. Amplifaya ya gitaa iliyotengenezwa kiwandani ni ghali, na mara nyingi mnunuzi hulazimika kuifuata Dar es Salaam. Si ajabu basi mtu akaamua kumwendea fundi redio wa mtaani amtengenezee moja, au akaamua kuiunda mwenyewe kwa vipuri vya redio ya zamani iliyokuwa ya babu yake.

Uamuzi huo si mbaya, na hatuandiki makala haya ili kuwakataza walaji. Tunaandika ili mlaji ajue ni kitu gani hasa anachokinunua au kukiunda, hatari yake imo wapi, na haki zake ni zipi endapo fundi atamkabidhi chombo kisichofaa. Tutajikita zaidi katika amplifaya za valvu, yaani zile zinazotumia taa za kioo kama zilizokuwamo ndani ya redio za mbao. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, sauti ya amplifaya hizo ndiyo inayopendwa zaidi na wapiga gitaa, na michoro ya kuziunda inapatikana kwa urahisi siku hizi. Pili, ndani ya chombo hicho mna umeme mkali kuliko ule unaotoka ukutani, na umeme huo huendelea kukaa humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Watu wengi hawalijui jambo hili la pili, na ndilo linaloua.

Asili ya chombo

Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na kupanda hadi Newala akiwa na fonografu, akanasa nyimbo za watu wa huku katika silinda za nta. Mashine yake haikuhitaji umeme wowote: sauti iliingia kwa tarumbeta na kutoka kwa tarumbeta, ikiwa dhaifu kama ilivyoingia. Katika kipindi hichohicho, huko Marekani, Lee de Forest alikuwa akiitengeneza taa aliyoiita Audion, ambayo ndiyo mama wa valvu zote za kukuza sauti. Kwa miongo mingi baada ya hapo kila redio na kila kipaza sauti duniani kilitegemea taa hizo, na hadi katikati ya miaka ya 1960 karibu amplifaya zote za magitaa zilikuwa za valvu. Kisha transista zikaingia, zikiwa ndogo, nyepesi na rahisi, na valvu zikatoweka katika redio. Kwa wapiga gitaa hazikutoweka kamwe. Viwanda vichache bado vinazitengeneza, kikiwamo kile cha JJ Electronic nchini Slovakia.

Tuongeze neno moja kwa wale wanaodhani kwamba kuiga mchoro wa mwingine ni aibu. Amplifaya za kwanza za Marshall, jina linalojulikana leo dunia nzima, ziliundwa mwaka 1962 na mafundi wa duka la vyombo vya muziki jijini London, na walianza kwa kufuata mchoro wa amplifaya ya Kimarekani iitwayo Fender Bassman. Fundi wa Masasi anayefuata mchoro uliothibitishwa yuko katika njia nzuri. Anayepaswa kutiliwa shaka ni yule anayebuni kutoka kichwani.

Valvu inavyofanya kazi

Ndani ya kioo kilichoondolewa hewa mna waya mwembamba unaopashwa moto. Joto hilo huzifanya elektroni zitoke kwenye kathodi na kuelekea kwenye bamba la chuma liitwalo anodi, ambalo limepewa umeme chanya wenye nguvu kubwa. Katikati ya viwili hivyo umewekwa wavu mwembamba, yaani gridi. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo mno, sehemu tu ya volti moja. Lakini ukifikishwa kwenye gridi unatosha kuubana na kuuachia mtiririko ule mkubwa, mfano wa mkono mdogo unaofungua na kufunga bomba kubwa la maji. Hivyo mnong'ono wa nyuzi hugeuka kuwa nguvu ya kusukuma spika.

Valvu ikizidiwa haikati sauti kwa ghafla kama transista zinavyofanya mara nyingi. Hulainisha kingo za mawimbi, na sauti huanza kukwaruza taratibu kwa namna inayopendeza sikio. Huo ndio ule utamu ambao wapiga gitaa wako tayari kuulipia.

Amplifaya ndogo kabisa ya aina hii huwa na valvu moja ya awali, mathalani ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, na valvu moja ya kutolea nguvu, mathalani EL84. Hutoa takribani wati 5. Muuzaji wa sabufa atacheka akisikia wati 5, lakini kwa gitaa moja ndani ya chumba cha mazoezi au kanisa la ukubwa wa kati zinatosha, hasa spika ikiwa nzuri. Anayetaka kusikika kwenye uwanja atahitaji zaidi: Vox AC30, amplifaya ya Kiingereza yenye sifa kubwa, hutumia EL84 nne ili kutoa wati 30. Kila wati inayoongezwa huongeza uzito wa transfoma, joto na gharama.

Ili EL84 ifanye kazi, anodi yake huhitaji umeme wa moja kwa moja wa volti 250 hadi 300 hivi. Amplifaya kubwa hupita volti 400. Umeme huu hupatikana kwa kuupandisha ule wa volti 230 kwa transfoma, kuunyoosha, kisha kuutuliza kwa kapasita. Kapasita ni kama mtungi. Zikishajaa hazimwagiki kwa sababu tu bomba limefungwa. Hubaki na chaji kwa dakika kadhaa, na wakati mwingine kwa muda mrefu zaidi. Mtu anayechomoa plagi na papo hapo kuingiza bisibisi ndani ya amplifaya anaweza kupigwa na volti 300 ilhali waya wa umeme umelala sakafuni.

Dawa yake ni ya bei ndogo sana. Resista ya omu 220,000 yenye uwezo wa wati 2, ikiunganishwa kudumu baina ya ncha mbili za kapasita kuu, huimaliza chaji polepole. Kwa kapasita ya mikrofaradi 47, dakika moja inatosha kushusha umeme hadi kiwango kisichodhuru. Tunamsihi kila mlaji anayeagiza amplifaya ya valvu amwulize fundi swali hili moja kabla ya mengine yote: resista ya kumalizia chaji umeiweka wapi? Fundi anayeijua kazi yake ataionyesha kwa kidole. Hata hivyo, resista huweza kuungua au kuachia, hivyo anayefungua chombo apime kwanza kwa mita, na asiridhike hadi aone kipimo kimeshuka karibu na sifuri. Avue pete na saa, avae viatu vikavu, atumie mkono mmoja, na asifanye kazi hiyo akiwa peke yake nyumbani.

Redio ya babu

Vipuri vingi vya valvu katika wilaya zetu hutoka kwenye redio kuukuu. Redio hizo zina thamani, lakini si zote zinazofaa kugeuzwa amplifaya, na baadhi ni mtego. Bahati nzuri valvu za Ulaya hubeba majina yenye maana, na mlaji asiye fundi anaweza kuyasoma mwenyewe kwenye kioo.

Herufi ya kwanza huonyesha jinsi waya wa ndani unavyopashwa moto. Jina likianza na E, kama ECC83, EL84 au EBF89, waya huo hutumia volti 6.3, na kwa kawaida redio yenye valvu hizo ina transfoma inayoitenganisha na umeme wa ukutani. Hiyo ndiyo inayofaa. Likianza na D, kama DL96 au DAF96, valvu hiyo ni ya redio ya betri. Hupashwa kwa volti 1.4 tu, na mtu akiiunganisha na volti 6.3 huungua palepale, na mara moja tu. Likianza na U, kama UL84, UCH81 au UY85, hapo tunamwomba msomaji asimame.

Valvu za U ziliundwa ili nyaya zake zote ziungwe kwa mfuatano na kupewa umeme wa ukutani bila transfoma. Watengenezaji waliokoa gharama ya shaba na chuma, na redio ikawa nyepesi. Lakini katika redio nyingi za namna hiyo chasisi ya chuma yenyewe imeunganishwa na waya mmoja wa umeme wa ukutani, na ikiwa plagi imeingizwa kinyume, chasisi nzima hubeba volti 230. Kwa redio haikuwa taabu, kwa kuwa kasha lilikuwa la mbao au plastiki na hata vitufe vilikuwa vya plastiki. Kwa gitaa ni jambo la kifo. Nyuzi za gitaa la umeme huungwa na chasisi ya amplifaya kupitia waya wa gitaa. Kwa hiyo chasisi ikibeba umeme, mpigaji ameushika umeme kwa vidole kumi. Ushauri wetu ni mfupi: redio ya valvu za U isitumike kwa gitaa kwa namna yoyote, hata fundi akisema ameshafanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyedhurika.

Jambo lingine la redio za zamani ni kapasita. Zile za alumini hukauka zikikaa miaka bila kutumika, na redio iliyolala darini miaka 30 ikichomekwa ghafla zinaweza kupasuka au kuiunguza transfoma. Zibadilishwe zote kwanza. Mafundi wazoefu pia huiwasha redio ya namna hiyo kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 40 au 60 iliyoungwa kwa mfuatano na waya wa umeme: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna hitilafu, ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kuna matumaini. Balbu hiyo ni lazima iwe ya waya, ya mtindo wa zamani. Za LED hazifanyi kazi hii, na kwa kuwa za waya zinaadimika madukani, anayekutana nayo aitunze.

Vipuri vya kuagiza

Wapo wanaoagiza vipuri au seti kamili kutoka nje ya nchi. Hapa kosa la kawaida ni transfoma. Seti nyingi za Kimarekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na mizunguko 60, ilhali wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Transfoma ya volti 120 ikichomekwa Newala itatoa moshi kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza. Kutumia transfoma ya kushusha umeme hakulimalizi tatizo lote, kwa kuwa ile iliyobuniwa kwa mizunguko 60 tu hupata joto zaidi ikiendeshwa kwa 50. Anayeagiza ahakikishe imeandikwa wazi kuwa inafaa kwa volti 230 na mizunguko 50, na atunze picha ya tangazo alilolitegemea.

Kapasita nazo zisomwe. Ile iliyoandikwa volti 250 isiwekwe mahali penye volti 300, hata kama fundi anasema itavumilia. Zipo pia zilizobandikwa maandishi ya uongo, kubwa kwa nje na ndogo kwa ndani. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia jambo hilo.

Neno kuhusu spika. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma yake ya kutolea sauti ikikosa mzigo, umeme ndani yake unaweza kuruka na kuitoboa. Katika gharama zote za chombo hiki, transfoma mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa, na hiyo ya kutolea sauti ndiyo ngumu zaidi kupatikana huku.

Ethi katika udongo mkavu

Tufike sasa kwenye jambo linalouhusu uwanda wa juu wa Makonde kuliko mahali pengi. Kila mwenyeji wa Newala anajua kwamba maji huku juu ni ya shida: udongo ni wa kichanga, hupitisha maji haraka, na ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Ni wachache wanaofikiri kwamba hali hiyohiyo inagusa usalama wa umeme.

Amplifaya yenye chasisi ya chuma ni lazima iwe na waya wa nyaya tatu: kahawia ni wa moto, buluu ni nyutro, na ule wa kijani na njano ni ethi, ambao hufungwa kwenye chasisi kwa skrubu yake yenyewe. Kazi ya ethi ni kwamba waya wa moto ukichubuka na kugusa chasisi, umeme upite ardhini kwa wingi hadi fyuzi iungue. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini karibu na ukuta. Fimbo hiyo ikiwa kwenye udongo wenye unyevu hufanya kazi vizuri. Ikiwa kwenye mchanga mkavu wa mwezi Septemba, udongo huukataa umeme.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme fimbo ya ethi ya nyumba moja ina ukinzani wa omu 100 wakati wa kiangazi. Waya wa moto ukigusa chasisi, volti 230 zikigawanywa kwa omu 100 hutoa ampia 2.3. Fyuzi ya plagi ya ampia 13 haitashtuka. Hata ya ampia 3 itabaki nzima. Chombo kitaendelea kuwaka, muziki utaendelea kupigwa, na chasisi, nyuzi za gitaa na kila kilichoungwa nazo vitabaki na umeme wa kuua. Mwenye nyumba atasema kwa unyofu kabisa kwamba ethi anayo.

Mpigaji anaweza kucheza hivyo saa nzima bila kujua, akiwa na viatu vikavu juu ya jukwaa la mbao. Hatari hutimia anapogusa kitu kingine chenye njia ya kwenda ardhini, na katika muziki kitu hicho mara nyingi ni maikrofoni. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya umeme huku akiwa na gitaa lake. Alikuwa mwanamuziki mzoefu, na nchi yake ilikuwa na umeme wa uhakika.

Kinachookoa katika mazingira yetu ni swichi inayokata umeme unapovuja, ambayo kwenye boksi lake huandikwa herufi RCD. Swichi hii haingojei ampia nyingi. Ile ya miliampia 30 hukata mara inapoona kwamba umeme unaokwenda na unaorudi haulingani. Katika mfano wetu wa omu 100, ampia 2.3 zinazovuja ni mara zaidi ya 70 ya kiwango cha kuikatisha. Hata fimbo ikiwa na omu 1,000, bado itakata. Kwa mlaji wa Newala, na kwa wa Masasi pia wakati wa kiangazi, tunaona kuwa fedha za swichi hii zitengwe kabla ya fedha za spika. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, naye apime ethi ya nyumba kwa kipimo badala ya kuitazama tu. Na swichi ibonyezwe kitufe chake cha majaribio kila mwezi.

Kuna mambo mawili ambayo swichi hiyo haiyawezi. La kwanza, haimlindi mtu anayeshika umeme wa ndani ya amplifaya, ule wa volti 300, kwa sababu umeshatenganishwa na wa ukutani kwa transfoma. La pili, kwenye jenereta ndogo inaweza isifanye kazi kabisa, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hazijaunganisha nyutro na ardhi. Vikundi vinavyokodisha muziki kwenye harusi au sherehe za unyago vijijini hutegemea jenereta, tena nyaya zikiwa zimetandazwa juu ya nyasi na watu wakizikanyaga. Amplifaya ya valvu iliyoundwa nyumbani, kwa maoni yetu, haina nafasi mahali pa namna hiyo. Ibaki ndani, kwenye sakafu kavu.

Anayetaka kujifunza, aanzie wapi?

Kwa kijana anayeshika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza, tunashauri aanze na amplifaya ya volti 12. Chipu kama TDA2003, iliyobuniwa kwa ajili ya redio za gari, hutoa wati 6 hivi kwa spika ya omu 4, huendeshwa na betri ya sola, na haina umeme wa kumdhuru mtu. Betri yenyewe iwekewe fyuzi, maana waya zake zikigusana huwaka moto. Sauti haitakuwa ile ya valvu, lakini mikono itakuwa imejifunza kulehemu, kusoma mchoro na kutafuta hitilafu. Chuo cha VETA Mtwara kipo kwa wanaotaka kufundishwa ufundi kwa utaratibu.

Kuagiza kwa fundi

Makubaliano mengi kati ya mteja na fundi hufanyika kwa mdomo, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe jina la mchoro unaofuatwa, valvu zitakazotumika, ni vipuri vipi vipya na vipi vya zamani, kiasi cha malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi, na muda ambao fundi atarekebisha hitilafu bila malipo. Muhimu kuliko yote, iandikwe kwamba chombo ni cha gitaa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Neno hilo moja likiwamo kwenye karatasi, fundi hawezi kusema baadaye kwamba alidhani ni ya redio. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo au yanayopotosha kuhusu bidhaa.

Vipuri vikinunuliwa dukani, mlaji adai risiti ya EFD. Plagi, nyaya na swichi zichaguliwe zile zenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chombo kilichoundwa na fundi mmoja mtaani hakitakuwa na alama hiyo, na anayebandika alama ya TBS juu ya kasha alilolitengeneza mwenyewe bila idhini anavunja sheria.

Siku ya kukabidhiwa mlaji asiwe na haraka, hata kama kwaya inamngoja. Aombe kifuniko kifunguliwe kabla chombo hakijachomekwa. Atazame kama waya wa kijani na njano umefika kwenye chasisi, kama waya mkuu umebanwa pale unapoingilia ili usichomoke ukivutwa, kama fyuzi ipo na ukubwa wake unalingana na mchoro. Amplifaya ya wati 5 hutumia chini ya nusu ampia ya umeme wa ukutani. Akikuta ndani yake kipande cha waya mahali pa fyuzi, akirudishe chombo bila mjadala. Kisha fundi apime kwa mita, mbele ya mteja, kwamba kati ya pini ya ethi ya plagi na chasisi hakuna ukinzani, na kwamba pini ya moto haina njia yoyote ya kufika kwenye chasisi. Kasha liwe na matundu ya hewa, kwa sababu valvu ni za moto, lakini yawe madogo kiasi cha kuzuia vidole vya watoto. Mende na panya pia hupenda joto hilo.

Baada ya hapo chombo kiwashwe na kupigwa kwa saa moja kamili hapohapo kwa fundi. Hitilafu nyingi za amplifaya za valvu hujitokeza zikishapata moto. Bamba la ndani ya valvu likianza kuwa jekundu kama kaa, chombo kizimwe mara moja. Mngurumo mdogo ni wa kawaida. Mshtuko wowote kwenye vidole, hata wa kusisimua tu, si wa kawaida, na asikubali kuambiwa kwamba atauzoea.

Mambo yakiharibika

Kama fundi amekataa kurekebisha, mlaji aanze kwa kumwandikia barua fupi akitaja makubaliano na kasoro, na abaki na nakala. Hatua inayofuata ni afisa biashara wa halmashauri, aliye karibu na mara nyingi anayewafahamu mafundi wa eneo lake. Malalamiko yanayohusu bidhaa bandia au maelezo ya uongo yapelekwe Tume ya Ushindani. Yanayohusu ubora wa vifaa vya umeme vilivyouzwa dukani yapelekwe TBS. Na yale ya fundi umeme aliyefunga nyaya za nyumba vibaya yapelekwe EWURA. Madai ya kurudishiwa fedha yanaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo, ikiwa kiasi chake hakizidi kikomo kilichowekwa kisheria.

Kote huko mlaji ataulizwa vitu vilevile: karatasi ya makubaliano, risiti, uthibitisho wa malipo ya simu, na picha. Chombo chenyewe kisifunguliwe wala kisipelekwe kwa fundi mwingine kabla hakijakaguliwa, kwa maana fundi wa kwanza atasema, wala si bila haki, kwamba kilichoharibika kimeharibiwa na wa pili.